Kituo Chekundu

Siku hizi ukisema umetunga mchezo, watu wanakuuliza unachezwa kwenye simu gani. Mchezo wangu haukuwa na simu. Ulikuwa kitambaa cha kaki chenye urefu wa mkono, unakiviringisha, unakifunga kwa uzi, unakitia mfukoni na kuondoka nacho Kamina, mji wetu wa reli. Niliutunga mimi na yaya wangu, kaka yangu mkubwa, katika miaka ya tisini, na tuliuuza kwenye jukwaa la stesheni mpaka vita ilipotukuta. Nimeusimulia mara nyingi kwenye vikao ili watu wacheke, na kila mara niliishia pale pa kuchekesha. Leo nitasema yote, maana baba alitangulia, na mama naye ameshafariki na hakuna aliyebaki wa kunisemea.

Baba alikuwa dereva wa treni. Alizaliwa kwenye kambi ya reli huko kusini, mama ni Muluba wa Kaniama, na majirani zetu walikuwa wametoka kila upande wa nchi. Ukituuliza kabila tulicheka tu, tukasema sisi ni bantu ba reli, watu wa reli. Yaya alikuwa na miaka ishirini na minne, na kazi yake ilikuwa msaidizi wa dereva, kwenye injini ileile ya baba. Ili awe dereva kamili alihitaji karatasi moja tu, yenye sahihi ya dereva wake mkubwa. Yaani sahihi ya baba. Karatasi hiyo ilikaa kabatini miaka miwili chini ya Biblia, imeandikwa kila kitu isipokuwa hapo chini.

"Papa, utanisainia lini?" yaya alikuwa anauliza, tena kwa adabu, amesimama.

"Siku utaacha haraka," baba anajibu, basi.

Haraka alikuwa nayo, sitadanganya. Alikula haraka, alisema haraka, na mama alimtania kwamba anatembea kama aliyefukuzwa na nyuki. Lakini hiyo ilikuwa haraka ya nyumbani. Niliwahi kupanda nao injini mara moja kwenda Kaniama kwa bibi, nikamwona akifuta kioo, akitoa kichwa nje kwenye kila kona, akipiga honi hata mahali hapana mtu. Kwenye injini alikuwa mtu mwingine kabisa. Baba hakuyaona hayo, au aliyaona akanyamaza. Yeye aliona sahani inayoisha kabla ya maombi kumalizika. Kila mtu nyumbani alijua kwamba yaya hakutaka kitu kingine duniani ila ile sahihi, na ukitaka kumwumiza ulitaja karatasi tu.

Mimi, mdogo wake wa kike, nilikuwa nimemaliza shule na sina kazi. Wakati huo treni ilikuwa kitu cha kubahatisha. Watu walikuja stesheni na godoro, sufuria, kuku, wakakaa siku tatu, siku nne, wengine juma zima. Jukwaa lilikuwa kijiji. Mimi nilikuwa mtu wa kuchoka upesi na kukasirika upesi, na niliwaona wale watu wameketi tu, wametazama reli, nikajiuliza watu mia wasio na la kufanya wanahitaji nini. Nikarudi nyumbani nikamwambia yaya, "Tubaundie muchezo." Akacheka. Halafu akaleta penseli.

Mchezo wa kwanza ulikuwa takataka. Tuliuchora kwenye karatasi ya mfuko wa saruji: njia ya reli yenye vituo arobaini, yenye mito, madaraja, ng'ombe relini, na kila kitu kilichotujia kichwani. Wanagenzi ndivyo walivyo, wanataka kuweka kila walichonacho. Tulimpa mama na jirani wacheze. Hawakufika hata nusu, jirani akakumbuka kwamba ameacha maharagwe motoni. Nilikasirika siku nzima. Yaya ndiye aliyeuliza swali la maana: alikumbuka maharagwe yake akiwa kituo cha ngapi? Kituo cha tisa. Tukakata vituo vikabaki kumi na viwili.

Halafu tukaupeleka ndani ya behewa, tukagundua ujinga wetu mwingine. Treni inatikisika! Tulitumia vifuniko vya chupa kama treni zetu, na injini ilipovuta mara moja tu, treni zote zikaanguka chini ya kiti cha mwanamke aliyelala. Dadu nayo ikapotea kwenye ufa wa sakafu. Tukarudi nyumbani. Mama ndiye aliyetuokoa, kwa kitambaa cha ovaroli kuukuu za baba, kaki nzito isiyokunjamana. Kila kituo akakishonea tundu kama tundu la kifungo, na ndani ya tundu unachomeka kijiti cha mwanzi. Kijiti kimoja cheusi, kingine cheupe. Hata ukikitikisa kitambaa hewani, kijiti hakitoki. Dadu tukaiacha kabisa. Tulichukua kiberiti kitupu, tukaweka punje nne za mahindi zilizounguzwa upande mmoja. Unatikisa, unafungua, unahesabu punje ngapi zimelalia upande mweusi. Hizo hazipotei, na zikipotea nani amekosa mahindi?

Lakini moyo wa mchezo ulikuwa wa baba. Alitukuta uani tunabishana, akauliza treni zetu mbili zinapita wapi zikikutana. Akaketi kwenye kigoda, bado na buti zake miguuni, akatueleza kama wanavyoelezwa wageni, ingawa yaya alikuwa anayajua hayo usingizini.

Njia ya Kamina ni moja. Treni inayokwenda na treni inayokuja zinatumia chuma kilekile. Simu za vituo zilikuwa zimekufa, nyaya zimeibwa zote, kwa hiyo kilichobaki ni fimbo. Kipande cha chuma chenye urefu wa mkono wa mtoto, kimoja tu kati ya stesheni na stesheni. Dereva hatoki stesheni bila kushikishwa ile fimbo mkononi. Kama haipo, maana yake iko upande wa pili, iko ndani ya treni nyingine inayokuja. Basi unangoja. Saa moja, siku moja, unangoja.

"Hata rais akikuambia twende?" niliuliza, nimtanie.

"Hata yeye," alisema baba. "Rais haonake nyuma ya kona."

Tukaiweka fimbo mchezoni. Vipande vitatu vya njia, na kila kipande na fimbo yake, kipande cha waya wa mwavuli uliovunjika. Huna fimbo, huendi. Baba aliupenda mchezo ule kuliko alivyotupenda sisi wakati mwingine. Alikuwa anarudi safari, anaoga, anasema, "Leteni ile kintu." Alicheza na yaya. Ilikuwa mara ya kwanza kuwaona wamekaa uso kwa uso bila kazi katikati. Baba akishinda anagonga goti. Yaya akingoja fimbo bila kulalamika, baba anamtazama kwa chati, na mimi na mama tulikuwa tunakonyezana, tukisema karatasi itasainiwa mwaka huu.

Kuuza ndiko kulikonishinda. Nilitembea jukwaani nikipiga kelele, muchezo, muchezo ya Kamina! Watu waliniangalia kama kichaa. Kulikuwa na mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge, Mwislamu, babu zake walikuja na misafara kutoka Maniema na wakabakia kwenye biashara mpaka leo. Meza yake ilikuwa mlangoni mwa stesheni. Alinivumilia siku mbili, ya tatu akaniita.

"Weye, mwanangu, uko nauza ao uko nafukuza nzige?"

"Nauza, mama."

"Basi nyamaza. Chezeni. Muntu akiona bengine bako nacheka, atakuja yeye mwenyewe. Na treni ikipiga honi, musimalize. Kunjeni."

Sikumwelewa, lakini nilimtii, kwa sababu alikuwa amenipa kivuli cha meza yake. Yaya akiwa na siku ya kupumzika tulikaa hapo tukacheza wenyewe. Haikupita muda watu wakatuzunguka. Wakaanza kushauri, wakaanza kugombana wao kwa wao, na honi ilipolia, tukakunja. Wee! Mzee mmoja alinishika mkono, akasema hawezi kusafiri bila kujua nani angeshinda. Akaondoka na kitambaa. Kutoka hapo tukajifunza kuuza kimoja tu kwa kila behewa, maana kimoja kinasikika na behewa zima, na kwenye treni ya kurudi watu wanashuka wakikiulizia.

Hata hivyo kuna jambo lilitukwaza. Wasafiri wengi waliuanza mchezo vizuri, halafu katikati wanaususa. Mwanamume mmoja wa Kabondo-Dianda aliyekuwa anapeleka samaki wakavu alinitupia kitambaa mapajani.

"Minyi niko nangoya train siku ya ine," alisema, "na muchezo yenu tena inaningojesha? Aka! Kamata kitambaa yako."

Watu walicheka, na mimi niliona aibu mpaka masikio. Lakini alisema kweli. Mtu aliyekesha akingoja hataki kungoja tena kwenye kitambaa. Nikaenda nalo neno hilo nyumbani, na nikiwa njiani tu nikapata wazo. Lilikuwa langu. Lilinijia pale kwenye kivuko cha reli, nikakimbia nalo kama mtoto aliyeokota mpira.

Mama alikuwa kwenye cherehani, yaya amekaa chini anachonga vijiti. Nikawaambia: tuweke kituo kimoja chekundu, hapa katikati. Ukikiangukia, wewe sasa ni treni ya jeshi. Huhitaji fimbo. Unapita tu, na mwenzako anarudishwa nyuma. Watu watapiga kelele mpaka Bukama!

Yaya aliacha kuchonga. "Hii Papa hatapenda," alisema. "Na minyi vilevile sipendi. Train haipite bila fimbo."

"Iko muchezo, yaya."

"Hata kama. Unaua muchezo yenyewe. Njo kitu moja ya kweli iko ndani."

"Weye uko naogopa Papa mpaka ndani ya kitambaa!" nilimwambia. "Njo maana hakusainie. Anaona uko mwoga." Nilijua pa kumchoma, nikamchoma. "Hakuna muntu atakufa mu kitambaa, yaya."

Alinitazama, halafu akaniachia. Ndivyo alivyokuwa, na mimi niliutumia upole wake maisha yake yote. Mama alitafuta kitambaa chekundu kwenye kapu la vipande, akakishona kuzunguka tundu la saba.

Na kweli, watu walipenda. Waliupenda kuliko nilivyowaza! Mtu akichomeka kijiti kwenye chekundu, jukwaa zima lilipiga ukelele, mwenzake akishika kichwa. Hakuna aliyesusa tena. Wasafiri walicheza mara tatu, mara nne, kila mmoja akitafuta chekundu. Mwenye vitenge alinipigia makofi. Wanajeshi wa kambi nao wakaja, wakanunua, wakacheka sana kwa sababu mchezo uliwataja, na wakapeleka vitambaa vyetu huko walikopelekwa. Nilikuwa na furaha ya kipumbavu. Nilijiona nimegundua siri ya watu wote.

Baba hakuambiwa. Alikiona mwenyewe, siku aliporudi safari akakuta kitambaa kipya mezani. Alikishika, akapitisha kidole tundu hadi tundu, akasimama kwenye la saba. Akauliza ni nini. Yaya akamweleza, kwa sauti ndogo, kwamba hapo treni ya jeshi inapita bila fimbo.

Baba alikikunja polepole. "Hii njo inauwa bantu," alisema. "Nani aliwaza hii?"

Ningesema. Mdomo wangu ulikuwa wazi. Lakini baba alikuwa na ile sura yake, nami nilikuwa mwoga kuliko yule niliyemwita mwoga. Yaya akanitupia jicho, akasema, "Ni siye, Papa. Siye bote."

Baba hakugusa mchezo tena. Hakutukataza kuuza, kwani mshahara wa reli ulikuwa umekuwa hadithi na nyumba ilikula kwa vitambaa, lakini "leteni ile kintu" haikusikika tena. Habari ya karatasi ikafa. Mwezi huo yaya hakuuliza, wala mwezi uliofuata. Nilimwambia nitamweleza baba kwamba wazo lilikuwa langu. Akaniambia nisijisumbue, baba atasahau. Nilikubali haraka sana, nikashukuru moyoni, na hilo linanichoma kuliko mengine.

Kisha vita ikaja. Ile ya kwanza ilitupita bila kukaa, hii ya pili ilikaa. Kamina ilijaa wanajeshi, wa kwetu na wa nchi nyingine, na treni zikawa za kwao. Raia waliobahatika walipanda juu ya mabehewa ya mahindi. Baba na yaya waliitwa kazini bila ratiba. Waliondoka asubuhi na mama hakuuliza watarudi lini, aliwafungia tu bukari, ugali wetu, na samaki kwenye kitambaa.

Yaliyotokea nimeyasikia kwa baba mwenyewe, mara moja tu, na kwa mkuu wa kituo aliyemleta nyumbani. Kituo chenyewe sitakitaja, ni kidogo, upande wa Kaniama. Walifika mchana, wamebeba wanajeshi. Baba alishuka kuchukua fimbo, mkuu wa kituo akamwambia haipo. Ilikuwa upande wa pili, ndani ya treni ya mahindi iliyotoka asubuhi na bado haijafika. Baba akarudi kwenye injini, akang'oa mkono wa kuendeshea, ule mpini ambao bila huo injini haiendi, akautia ndani ya koti, akaketi.

Mkubwa wa wanajeshi alisema waondoke. Baba akasema njia ina mtu. Yule akasema wanangojwa mbele, wenzao wanakufa. Baba akasema, samahani, mkubwa, njia ina mtu. Wakampiga kwa kitako cha bunduki, hapa begani. Akabaki ameketi. Wanajeshi wengine walikuwa wamekaa kwenye mlango wa behewa la kwanza, wanacheza, na mmoja wao, kijana, akainua kitambaa cha kaki juu ili kila mtu akione.

"Mzee!" alisema. "Hata mu muchezo ya kwenu kule Kamina, train ya basoda inapita bila fimbo!"

Wakacheka wote. Mkuu wa kituo aliniambia kwamba hata yule mkubwa alicheka. Kisha akamwekea baba bunduki shingoni na akaanza kuhesabu.

Yaya ndiye aliyeingiza mkono ndani ya koti la baba na kuutoa ule mpini. "Papa, shuka," alisema. "Minyi nitaendesha. Nitaenda polepole." Baba alimkataza. Alimkataza kwa sauti, kwa jina lake, mbele ya wote. Wakamvuta baba chini, wakamwacha kwenye kokoto.

Aliondoka polepole kweli. Mkuu wa kituo alisema mtu angeweza kutembea kando ya injini ile bila kuachwa. Na alipiga honi bila kuachilia, honi moja ndefu, ili yule wa mbele asikie. Walioketi kituoni waliisikia honi ikizunguka kilima. Baba aliisikia mpaka ilipokatika.

Watu wengi walitoka wazima. Wanajeshi wengi, na karibu wote waliokuwa juu ya mahindi. Walisema ni kwa sababu injini yetu ilikuwa imekaribia kusimama kabisa, yule mwingine ndiye aliyeshuka kilima kwa kasi. Lakini mbele ya injini hapakubaki kitu, na mbele ndipo alipokuwa yaya wangu.

Tulimzika. Kilio kilijaa ua wetu siku nyingi, wanawake wa reli wakipika kwenye masufuria makubwa, wanaume kwenye mabenchi ya kanisa. Yule mama wa vitenge alikuja na watu wake, wakaketi kwenye mkeka wao, akanishika mkono bila kusema neno la biashara wala la dini. Mimi sikulia. Watu walisema nimeshtuka. Nilikuwa naogopa. Tangu mkuu wa kituo aliposimulia habari ya kitambaa, nilikuwa nangoja baba aniite, na kila alipogeuza kichwa nilihamia upande wa masufuria.

Aliniita siku ya tatu, asubuhi, nyuma ya jiko. Mama alikuwa pale anaosha vyombo. Baba alikuwa na bega limefungwa, na macho makavu.

"Ile kituo ya nyekundu," alisema. "Nani aliiwaza? Weye ao yeye?"

Nimejiambia mengi kuhusu dakika ile. Kwamba nilikuwa mdogo, na sikuwa mdogo. Kwamba nilikuwa na huzuni. Ukweli ni kwamba nilifikiri hivi, waziwazi, maneno yakipangana kichwani: yaya amekufa, hakuna kinachoweza kumwumiza tena, mimi bado nitaishi na huyu mzee nyumba moja.

"Yeye," nilisema.

Baba akaitikia kwa kichwa taratibu. Hakukasirika, hilo ndilo baya. Alionekana kama mtu aliyeelezwa jambo alilokuwa analijua zamani. "Nilisema," alisema. "Haraka yake." Akaingia ndani. Nyuma yangu mama aliacha kuosha. Sahani ilikuwa mkononi mwake na maji yakidondoka. Mama alikuwa kwenye cherehani siku ile, alisikia kila neno. Nikangoja anifichue. Hakunifichua. Alikuwa amebaki na mtoto mmoja.

Baada ya hapo baba hakumlilia mwanawe. Wenzake wa reli walikuja kumwambia jinsi kijana alivyokwenda polepole, honi mkononi, jinsi alivyookoa watu. Baba aliwasikiliza kwa heshima, kisha anasema, "Alipita bila fimbo," na mazungumzo yanaishia hapo. Picha ya yaya aliitoa sebuleni. Karatasi ile aliichana au aliichoma, sijui. Nilitazama chini ya Biblia, haikuwepo. Sisi tuliacha kushona. Mtu akiniulizia mchezo jukwaani nilisema uzi umeisha.

Niliolewa vita ilipokuwa haijaisha, na mwaka uliofuata nikapata mtoto wa kiume. Kwetu, kijana akifa bila kuacha mtoto, jina lake halizikwi naye. Mtoto wa kwanza wa dada yake analichukua, na siku hiyo watu wanamsalimu yule mtoto kama wanavyomsalimu aliyerudi safari. Wazee wa upande wa mume wangu walikubali bila ubishi. Mama alikuwa amejiandaa tangu mimba ilipoonekana. Alikuwa ananiita "mama wa" na kutaja jina, kwa kunong'ona, tukiwa wawili, na uso wake unafunguka. Kilichobaki ni baba kulitamka.

Waliketi wote sebuleni. Baba alimpakata mtoto, akamtazama sana, akamgusa kidole. Nilimwona anampenda. Mume wangu akamwomba ataje jina.

"Jina ile, hapana," alisema baba. "Sitaki mutoto huyu akuwe na haraka. Tafuteni ingine."

Wakwe zangu waliangaliana. Mama alikuwa amesimama mlangoni na beseni la maji ya kumwoshea mtoto, na hakumwangalia baba, aliniangalia mimi. Aliniangalia muda mrefu. Hakuwa na hasira, alikuwa ananingoja tu. Neno moja lilitosha, na wote waliopaswa kulisikia walikuwa ndani ya chumba kimoja, na aliyeniogopesha alikuwa mzee mwenye bega bovu aliyempakata mwanangu.

"Sawa, Papa," nilisema.

Mama akaweka beseni chini, akatoka. Mtoto akapewa jina la mjomba wa mume wangu, mtu wa Kabondo-Dianda aliyekufa zamani, ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona.